Mwali Aliyekwenda Kibaha

Watu wa Vihingo walikuwa na tabia moja ya kuudhi: kumpapasa Biasha kichwani. Akipita na ndoo, mkono unamshukia utosini. Akitumwa dukani, mwenye duka anampapasa kwanza, ndipo ampimie chumvi. Angekuwa mtoto wa miaka saba, sawa. Lakini mwaka ule wa sabini na moja Biasha alikuwa ametimiza kumi na minne, anasoma gazeti kumshinda baba yake, anapika wali wa shughuli bila kuunguza, na bado akisimama karibu na mama yake kichwa kinaishia chini ya kifua. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mfupi, shingo pana, kifua bapa, na hasira zake alizimeza zote, kwa sababu alikwisha kuona kwamba mfupi akikasirika watu hucheka.

Baba yake, Pazi Saburi, mkulima wa mihogo na mikorosho, alisema hakuna la ajabu, hata kwao kulikuwa na shangazi mfupi. Mama yake, Mwanaamina, hakuridhika, ila yeye hakusumbuliwa na urefu. Alikuwa akingoja jambo jingine, na kila mwezi alikuwa akilingoja kwa wasiwasi zaidi.

Kwa Wazaramo, msichana akivunja ungo, yaani akiiona damu yake ya kwanza, huitwa mwali. Huwekwa ndani, asionwe na mwanamume wala kupigwa na jua, na kungwi humfundisha yale ambayo mwanamke anapaswa kuyajua. Siku ya kutolewa hubebwa mabegani kwa ngoma, kapakwa mafuta, kavishwa shanga na kanga mpya, na kijiji kizima kinamtazama kutoka chini. Akishushwa ni mtu mzima. Kabla ya hapo, hata aote mvi, ni mtoto. Harusini anakaa na watoto, sahani yake ni ya watoto, na wanawake wakitaka kusema jambo la maana wanamtuma maji.

Mwaka huohuo Zena, mdogo wake, akavunja ungo. Zena aliyekuwa akibebwa mgongoni na Biasha. Ikawa Biasha ndiye wa kumpelekea chakula hadi mlangoni, na kungwi akifika, mlango unafungwa na Biasha anabaki nje na kuku. Siku ya ngoma alipewa watoto wachanga awashike. Alisimama nyuma ya umati na mtoto kila mkono, akasikia vigelegele, akasikia jina la mdogo wake likiimbwa, asione kitu ila migongo ya watu. Iliuma, na hakuna haja ya kusema vinginevyo.

Kesho yake, wakipeta mpunga, alimwambia mama yake kwamba anataka kwenda hospitali ya Kibaha. Mwanaamina alisema kwanza wajaribu kwa mganga. Biasha akanywa mizizi msimu mzima, akapata kuharisha, basi. Mizizi ilipokwisha alirudia maneno yaleyale kwa sauti ileile: anataka kwenda Kibaha. Mtoto yule alikuwa na kichwa kigumu, na afadhali alikuwa nacho.

Kibaha, Biasha na wazazi wake walikutana na daktari aitwaye Wilfred, aliyekuwa akija kutoka Dar es Salaam mara moja kwa mwezi. Alikuwa amesomea ng'ambo maradhi ya watoto wasiokua. Alimtazama Biasha shingo, akatazama nywele zilivyoshuka kisogoni, akamnyoosha mikono na kuona viwiko vinavyopinda kwenda nje, akasikiliza moyo kwa muda mrefu. Mwisho alimkwangua ndani ya shavu kwa kijiti na kusema warudi mwezi ujao.

Waliporudi alikuwa na jibu. Alisema mwili wa kila mtu umejengwa kwa nyuzi ndogo sana za urithi, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama, na katika nyuzi zinazomfanya mtoto awe wa kike, Biasha alipungukiwa na mmoja. Ndiyo maana hakurefuka, ndiyo maana damu haikuja. Mwanaamina alimtazama mumewe, mumewe akamtazama yeye.

"Nani aliyeupoteza?" Mwanaamina aliuliza.

"Hakuna aliyeupoteza, mama. Hutokea tu. Mngeweza kuzaa watoto kumi ninyi hawahawa na lisitokee tena."

Kisha daktari akafanya jambo ambalo Biasha hakulisahau. Aliwaacha wazazi, akageuza kiti, akaanza kusema na Biasha mwenyewe. Alimweleza kuwa dawa ni mbili. Ya kwanza ni vidonge vya kuisaidia mifupa irefuke kidogo, si sana. Ya pili ndiyo itakayoleta matiti na damu. Lakini ya pili huifunga mifupa, na mifupa ikishafungwa, urefu umekwisha. Akianza na ya pili leo, kabla ya mwaka kwisha anaweza kuiona damu, ila atabaki kama alivyo. Akianza na ya kwanza, itabidi asubiri miaka. Ipo na ya tatu, akasema, ya sindano, nzuri kuliko zote, lakini inatolewa katika vichwa vya watu waliokufa, na hata huko Ulaya haiwatoshi. Pazi Saburi alisema kwa heshima zote kwamba hiyo ya tatu wabaki nayo wenyewe.

Mwanaamina hakutaka hata kufikiri. Ya pili, alisema, na leo hii.

Biasha alikuwa ananing'iniza miguu kwenye kiti kirefu cha hospitali. Aliuliza jambo moja kwanza, kama akinywa dawa hizo atazaa. Daktari akamwambia kweli, kwamba hapana, kwa hilo dawa hana. Mama yake alianza kulia. Biasha machozi yakamjaa, akayaacha yajae bila kuyafuta.

"Nataka ya kwanza," alisema.

"Mwanangu, utazeeka unangoja!" Mama yake alishindwa kujizuia.

"Nikitolewa nikiwa hivi, mama, watanibeba kama wanavyombeba mtoto. Mimi nataka nibebwe kama mwali."

Basi ikawa safari. Kila mwezi, jogoo akiwika, Pazi Saburi humpakia binti yake nyuma ya baiskeli, wakashika njia ya Mlandizi katikati ya pori, wakifika wakaiacha baiskeli kwa mtu wanayemfahamu, wakapanda basi linalopita Visiga mpaka Kibaha. Mvua za masika zikikata njia, wanatembea kwa miguu na baiskeli imebebwa. Daktari anapima, anasikiliza moyo, anatoa vidonge vya mwezi mmoja. Hakuwahi kutoa vya miwili, kwa maana vilikuwa adimu, na alitaka kumwona kwa macho yake kila mara.

Nyumbani, Pazi alikuwa akimsimamisha Biasha kwenye mwimo wa mlango na kuchora alama kwa mkaa. Alama zilipanda polepole mno. Mtu asiye na subira angevunja mlango. Mwaka wa sabini na nne amri ilipotoka kwamba kila mtu ahamie kijiji cha ujamaa, hapohapo Vihingo, nyumba zao zikabomolewa, watu walibeba mabati, vinu na kuku. Pazi alibeba mwimo ule. Aliusimika kwenye nyumba mpya, na majirani wakimuuliza ana nini na gogo lile alijibu kuwa ni zuri, halina mchwa.

Zena aliolewa, akapata watoto wawili. Siku moja alikuja kusalimia, na kwa mazoea akanyoosha mkono kuelekea kichwa cha dada yake. Kichwa hakikuwa pale alipokitarajia. Kilikuwa kimefika karibu na bega lake. Zena alirudisha mkono, akajifanya anarekebisha kanga, na Biasha akajifanya hakuona, lakini siku ile aliimba akitwanga.

Mwaka wa sabini na sita daktari alisema dawa ya kwanza imefanya ilichoweza. Hakuwa mrefu, na yeyote angemwita mfupi, ila alikuwa mfupi wa kawaida, wa aina ambayo ipo kila ukoo. Akaanza ya pili. Kifua kiliuma, kisha kikainuka. Vidonge vilikuwa vya kunywa majuma matatu na kupumzika moja, na katika juma moja la kupumzika, baada ya miezi mingi, damu ikaja. Mwanaamina alipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani amejifungua. Biasha alikuwa na miaka kumi na tisa.

Kungwi aliitwa. Alikuwa Bibi Zubeda, mwanamke mkavu, mrefu, asiye na masihara hata chembe, ambaye karibu kila mwanamke wa Vihingo alipita mikononi mwake. Hakuwa mtu mbaya. Kazi yake aliiheshimu, na aliilinda kama mtu anavyolinda mbegu wakati wa njaa. Alimwingiza Biasha ndani, akamnyoa, akampaka mafuta, akampa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti ambacho mwali hukilea na kukivisha kama mtoto, ili baadaye apate wa kwake.

Biasha alikipokea. Alijua alilojua. Alikivisha kitambaa, akakipakata, na mafundisho ya kungwi akayashika yote, hata yale ya kuwalea watoto ambao hatawapata. Aliona kwamba kujua si dhambi, na watoto wa watu wapo tele.

Ngoma ingepigwa baada ya mavuno. Mpaka siku hiyo mwali hatoki. Hapo ndipo mambo yalipogongana, na jambo la kushangaza ni kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyelifikiria, si baba, si mama, wala Biasha mwenyewe: siku ya daktari ilikuwa inakaribia, na mwali haendi hospitali kupanga foleni na wanaume.

Pazi alikwenda peke yake. Alirudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi, mikono mitupu. Daktari alikataa kumpa. Alisema dawa ile inaweza kupandisha shinikizo la damu, na hawezi kuitoa kwa mtu asiyempima. Alisema pia kwamba Biasha asiiache, si kwa ajili ya damu tu. Mwili wake hauwezi kuitengeneza wenyewe, na akiikosa kwa muda mrefu, mifupa ile waliyohangaika nayo miaka yote itadhoofu na kuvunjika kabla ya uzee.

Bibi Zubeda alipoelezwa alishangaa. Damu imekwisha kuja, alisema, mlango umekwisha kufunguka, sasa dawa ya nini? Mwali asubiri, baada ya ngoma ataruhusiwa kwenda hata Ulaya.

Vidonge vikaisha. Mwezi ukapinduka, damu haikuja. Kungwi ndiye anayefua vitambaa vya mwali, kwa hiyo kungwi ndiye wa kwanza kujua. Hakupiga kelele. Alimwita Mwanaamina pembeni, akamwambia kwamba yeye hawezi kumpigia ngoma mtu ambaye damu yake iko kwenye chupa ya Kibaha. Atangoja mwezi mmoja mwingine, na kama hakuna kitu, mtoto atatoka ndani kimyakimya, arudie ndoo yake.

Mtoto. Mwanaamina aliingia kwa binti yake na neno lile likimchoma. Alikuwa ameweka akiba ya mchele na kununua kanga mbili, na miaka ya kudharauliwa ilikuwa imemjaa hadi kooni. Alikaa chini, akamnong'oneza Biasha kwamba kuku hawakosekani. Achinjwe mmoja, kitambaa kichovywe, Bibi Zubeda ana macho ya kizee, nani atajua?

Biasha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka wala kumgombeza. Alisema tu kwamba hakumeza vidonge miaka yote ile ili aje kuwa mwali wa kuku. Mama yake alicheka bila kutaka, kisha akalia, na Biasha akamshika mkono. Huko nje wengine walikuwa wanapanga kuhusu mavuno, na yeye ndani alikuwa amekwisha kukata shauri.

Siku ya daktari ya mwezi uliofuata, asubuhi, chuma cha reli kiligongwa kuwaita watu kwenye shamba la kijiji. Njia ilijaa majembe. Biasha alijipaka mafuta, akafunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, akafungua mlango akatoka.

Mwali nje, peke yake, mchana kweupe. Wanaume walifanya kile walichofundishwa: waligeuka. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mkubwa kabisa, alisimama anautazama muhogo kana kwamba unataka kumwambia kitu. Pazi Saburi naye aligeukia ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Wanawake walibaki midomo wazi, na kutoka katikati yao akatokea Bibi Zubeda, akasimama mbele yake.

"Rudi ndani," alisema.

"Shikamoo, Bibi. Leo ni siku ya daktari."

"Nimesema rudi ndani. Mwali hatoki kwa miguu yake."

"Basi nibebeni," Biasha alisema.

Hakusema kwa ujeuri. Lakini hakurudi nyuma hata unyayo, na maneno yaliyokuwa yamekaa ndani yake tangu siku ya migongo ya watu yalitoka sasa, taratibu.

"Dawa ile nitainywa mpaka nizeeke, Bibi. Damu yangu inakuja kwa dawa, sitaficha, na watu wote wajue leo. Na sitazaa, hilo nalo wajue. Kama kwa hayo mimi si mwali, niambie hapahapa. Nitakwenda kwa miguu na sitakulaumu. Ila ndani sirudi."

Pengine katika umri wote wa Bibi Zubeda hakuna mwali aliyewahi kumtaka aseme kitu kile waziwazi. Alibaki amesimama katikati ya njia.

Aliyesogea ni Mwanaamina. Alitoka jikoni na mikono ya majivu, akapita mbele ya kungwi bila kuomba njia, akachutama mbele ya binti yake, akampa mabega. Biasha akapanda. Mwanaamina alijaribu kuinuka akayumba, akajaribu tena, na uso wake ukaonyesha mshangao, kwa sababu binti yake alikuwa mzito. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Biasha mzito. Mwanamke mmoja jirani alitupa jembe akaja kushika upande mmoja, akaja mwingine, na mara Biasha alikuwa juu, juu ya vichwa vyote, anaona paa za nyumba na njia ya Mlandizi inavyoingia porini.

Walianza kutembea. Hakukuwa na ngoma wala wimbo, nyayo tu na pumzi za Mwanaamina. Sasa, mwali kuwa mabegani bila kuimbiwa ni mkosi, tena mkosi wa kijiji kizima, na Bibi Zubeda alikuwa mtu wa aina zote lakini si mtu wa kuuacha mkosi upite mbele ya macho yake. Uso wake ulikuwa umekunjwa kwa hasira. Akaanza kuimba, hivyohivyo na hasira zake, ule wimbo wa kutoa mwali, na wanawake wakaupokea kwa sauti ndogo, kisha kwa sauti kubwa. Wanaume walikuwa bado wanaitazama mihogo, ila mmoja wao alianza kupiga mpini wa jembe kwenye debe.

Walimfikisha mwisho wa nyumba za kijiji. Wakamshusha. Mwanaamina alikuwa anahema, jasho na machozi vimechanganyika, akamfuta binti yake majivu aliyompaka miguuni. Bibi Zubeda alimtazama Biasha kuanzia kichwani mpaka miguuni, na haikuwa safari ndefu.

"Umeshushwa," alisema. "Ukirudi upite kwangu. Kuna mambo sijamaliza kukufundisha."

Baba yake akaja na baiskeli, bado hajui atazame wapi. Biasha alimwambia achague moja, wachelewe wakose basi au atazame njia. Wakaenda.

Hadi leo wapo Vihingo wanaosema kutolewa kule hakukuwa halali, hakukuwa na ngoma, mchele haukupikwa. Waache waseme. Waliokuwepo walimbeba, na tangu siku ile hakuna mkono uliomshukia kichwani.

Kibaha walifika jua limepinda. Daktari Wilfred alifurahi kumwona, akampima shinikizo la damu, akamsimamisha ukutani kwenye kipimo. Alitazama, akatazama karatasi za nyuma, akavua miwani. Alimwambia kwa upole kwamba mifupa imefungwa. Haijaongezeka hata kidogo tangu mwaka jana na haitaongezeka tena. Urefu ndio huo.

"Unatosha," Biasha alisema.

Akanyoosha mkono apewe vidonge vya mwezi. Alifungua kifuko palepale, akatoa kimoja, akakimeza bila maji.